UZI: Michelle Howard, kutoka meli za kubeba mabomu mpaka nyota nne za uadmirali Marekani

Karani wa Gati (mtoa mada)

Wakuu habari zenu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu atarudi baadae, mi nimeukalia tangu Ijumaa.

Sababu ya kuuandika ni mpwa wangu. Binti kamaliza diploma ya unahodha, vyeti vya usalama majini vyote anavyo, kilichobaki ni meli ya kufanyia muda wake wa baharini, na mliopitia huko mnajua bila hiyo miezi kuandikwa kwenye kitabu chako huwi ofisa hata ungeongoza darasa zima. Kampuni moja, jina naliacha, ikamjibu kwa mdomo tu kwamba wangemchukua ila melini hakuna chumba cha mwanamke. Basi, imeisha hiyo. Karudi nyumbani kavua viatu mlangoni kaenda kulala saa kumi na moja jioni. Dada yangu nae akaanza, si arudi tu akasomee ualimu kama shangazi zake.

Nikamwambia dada ngoja kwanza. Hilo neno "chumba hakuna" liliwahi kuwa sheria kabisa ya taifa kubwa, imeandikwa na kifungu chake, na kuna watu walipita katikati yake. Mmoja ndo huyu Michelle Howard. Na habari zake zinatugusa sisi watu wa pwani kuliko wengi wanavyojua, nikifika 2009 mtaona.

Alizaliwa Aprili 1960 kwenye kambi ya jeshi la anga, March, California. Baba yake alikuwa sajenti wa jeshi la anga, Mmarekani mweusi, mama yake Mwingereza. Watoto wa kambini mnawajua, leo hapa kesho kule, shule zinabadilika kila baada ya muda. Alipofika umri wa miaka 12 akaona kwenye televisheni kipindi kinachoonyesha chuo cha maofisa wa jeshi, akasema mi nataka kwenda hapo. Kaka yake akamcheka akamwambia kule wasichana hawaruhusiwi. Akakimbilia kwa mama yake akidhani kaka anamtania, mama akamwambia ni kweli, ndo sheria ilivyo. Ila hakuishia hapo. Akamwambia we kua kwanza, ukifika umri na bado unataka na bado wamekataa, tutaishtaki serikali.

Hapo naomba mtulie kidogo. Mama wa kawaida, mke wa sajenti, mwaka 1972, anamwambia binti wa miaka 12 tutaishtaki serikali. Hakumwambia mwanangu hayo mambo achana nayo.

Hawakuhitaji kwenda mahakamani. Oktoba 1975 Rais Ford alisaini sheria ya kufungua vyuo vya maofisa kwa wanawake, na 1976 wasichana 81 wakaingia chuo cha jeshi la maji Annapolis. Waliomaliza 1980 walikuwa 55. Howard aliingia 1978 akamaliza 1982, darasa la tatu tu lenye wanawake tangu chuo kianzishwe. Wenzake wengi wa kiume walikuwa hawataki kuwaona pale, walisema wazi, na baadhi ya maofisa wakubwa pia.

Naendelea chini, niacheni nichaji simu.

Mzee wa Nanga

Nimevuta kiti mkuu. Ila swali moja, kumaliza chuo ni jambo moja, kupanda meli ni jambo lingine. Mbona enzi hizo manowari za Marekani zilikuwa hazina mwanamke hata mmoja?

Karani wa Gati

Mzee wangu shikamoo, umegusa palepale nilipotaka kwenda.

Kulikuwa na sheria ya 1948 ambayo ndiyo iliwaruhusu wanawake kuwa wanajeshi wa kudumu, lakini ndani yake kikawekwa kifungu kimoja, namba 6015, kinasema mwanamke wa jeshi la maji hapandi meli isipokuwa meli za hospitali na za kusafirisha watu. Sasa fikiria uko jeshi la maji halafu sheria inakukataza meli. Miaka thelathini watu wameishi hivo, wanafanya kazi za ofisini, mawasiliano, uuguzi, na kila wakigombea vyeo wanaulizwa we umeshaenda bahari ipi?

Aliyekifungua ni fundi umeme wa mawasiliano ya melini, anaitwa Yona Owens. Kazi yake aliyosomea ni kutengeneza simu na mitambo ya ndani ya meli, na meli haruhusiwi kukanyaga. Yeye na wenzake wakaenda mahakamani, na Julai 1978 Jaji John Sirica, yule yule wa kesi ya Watergate iliyomng'oa Nixon, akaamua kwamba kuwazuia wote kwa jumla namna hiyo ni kinyume cha katiba. Bunge likarekebisha, wanawake wakaruhusiwa meli zisizo za mapigano. Angalieni tarehe. Julai 1978, kipindi kilekile Howard ndo anaingia chuoni. Alipotoka 1982 kulikuwa na meli za kumpokea, chache, lakini zipo.

Na ndo maana siwezi kukubaliana na wanaomsimulia huyu mama kama hadithi ya juhudi tu, eti alijituma akafika. Alijituma ndio tena sana, ila kila alipofika kulikuwa na mlango umefunguliwa miezi au miaka michache kabla na watu ambao majina yao hakuna anayeyajua. Yona Owens hakuna sanamu yake popote ninapopajua. Kina dada waliotumika miaka ya hamsini na sitini walikuwa na akili hizohizo na moyo huohuo wakastaafu hawajawahi hata siku moja kushika zamu baharini.

Mama Junior

Hapo kwa mama yake nimelia kidogo jamani. Endelea mkuu.

Karani wa Gati

Asante dada. Haya, meli zenyewe.

Ya kwanza Hunley, meli ya kuhudumia nyambizi, yani gereji inayoelea, nyambizi inakuja ubavuni inatengenezwa inapewa vifaa inaondoka. Kisha Lexington, meli kongwe ya ndege iliyobaki kuwa ya mafunzo ya marubani. Kwa kuwa ilikuwa ya mafunzo haikuhesabiwa kuwa ya mapigano ndo maana wanawake walipata nafasi. Mwaka 1987 alipewa tuzo ya uongozi yenye jina la Kapteni Winifred Quick Collins, ambayo hutolewa kwa ofisa mwanamke mmoja kwa mwaka.

1990 akapelekwa Mount Hood kuwa chifu injinia, na vita ya Ghuba ikamkuta humo. 1992 akahamia Flint kuwa ofisa wa deki, ndo mwenye nanga, kamba, winchi, boti. Mount Hood na Flint zote mbili ni meli za kubeba silaha, mabomu na makombora ya kugawia meli nyingine. Hazipigani, kwahiyo kwenye karatasi ni "salama" kwa mwanamke.

Ngoja niwaeleze hiyo salama ikoje. Meli mbili zinakwenda sambamba baharini, mwendo uleule, katikati yao kama mita 50 hivi, maji yanachemka kati yao kwasababu mawimbi ya pua mbili yanakutana. Wanafyatua kamba nyembamba toka meli hii kwenda ile, kamba inavuta kamba nene, nene inavuta waya wa chuma, waya ukikaza ndo shehena inaanza kuning'inia juu ya maji kwenda upande wa pili, mabomu hayo. Saa nzima, saa mbili, usiku pia. Usukani ukikosea nyuzi mbili tu meli zinasogeleana. Injini ikisita upande mmoja waya unakatika na waya ule ukikatika unakata mtu. Mi nimekuwa karani wa shehena bandarini miaka mingi na nimeona sling moja tu, ile kamba ya kuinulia mzigo, imekatika ya magunia ya mchele, meli imefungwa gatini, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Vijana wawili waliponea kwa hatua moja. Sasa weka mabomu, weka mawimbi, weka meli inayotembea. Na anayeulizwa injini ikisita ni chifu injinia, na anayeulizwa kamba ni ofisa wa deki. Kazi zote mbili alizifanya yeye.

Ndo kitu nilichomwonyesha mpwa wangu. Walimnyima zile meli zenye sifa wakampa zile ngumu zisizopigwa picha, akajifunza injini yote na deki yote. Mlango wa manowari ulipofunguliwa hakukuwa na kitu cha kumuuliza akakosa jibu.

kiporo

Mkuu mi naona unaremba. Marekani siku hizo walikuwa wanatafuta mwanamke mweusi wa kuweka kwenye bango, wakampata huyo. Vyeo vya kisiasa.

Karani wa Gati

Ndugu kiporo nimekuelewa na hata kule Marekani wapo waliosema hivohivo. Ila nenda na tarehe. Kile kifungu 6015 kilifutwa 1993, na 1994 meli ya ndege Eisenhower ikapokea wanawake wa kwanza kwenye meli za mapigano. Howard Januari 1996 ni msaidizi wa nahodha kwenye Tortuga. Wakaenda bahari ya Adriatic wakati wa operesheni ya amani ya Bosnia, wakarudi nyumbani, siku sitini tu wakaondoka tena, safari hii Afrika Magharibi, wakafanya mazoezi na majeshi ya maji ya nchi saba za kwetu Afrika. Baharia yeyote hapa atakwambia msaidizi wa nahodha ndo mtu asiyelala melini, kila uchafu, kila ugomvi, kila ratiba ni yake. Huko hakuna bango.

Machi 12, 1999 akakabidhiwa Rushmore, mwanamke wa kwanza mweusi kuwa nahodha wa meli ya kivita ya Marekani. Rushmore ni meli ya kushusha askari pwani, urefu unakaribia mita 186, na ina kitu cha ajabu, inajijaza maji makusudi. Wanaingiza maji kwenye matangi mpaka mkia unazama kiasi, lango la nyuma linafunguliwa, bahari inaingia tumboni mwa meli, na boti zilizokuwa zimekaa ndani kavu zinaelea zinatoka zenyewe. Ukikosea hesabu ya matangi unajua mwenyewe. Meli kama hiyo hawampi mtu wa bango.

Tena 2004 na 2005 alikuwa na kikosi kizima cha meli za aina hiyo, tsunami ilipopiga Indonesia wakawa miongoni mwa waliopeleka misaada.

Sasa tuje kwetu.

Aprili 2009. Wa Mombasa na Dar mnaikumbuka ile miaka. Mi nilikuwa Kilindini. Meli zilikuwa zinaingia zimezungushwa seng'enge pande zote kama ukuta wa gereza, mabomba ya maji ya zimamoto yamefungwa kwenye reli yakitazama nje, nyingine wamesimamisha masanamu yamevalishwa ovaroli na kofia ili toka mbali maharamia waone kuna walinzi wengi. Unapanda ngazi na karatasi zako za tali, za kuhesabia shehena, unakutana na sanamu uso kwa uso. Mabaharia wakishuka walikuwa hawaongei sana, wanauliza wapi kuna simu.

Jumatano Aprili 8 ikatekwa Maersk Alabama. Kontena, bendera ya Marekani, imetoka Djibouti inakuja Mombasa, ndani kuna maelfu ya tani za shehena zikiwemo karibu tani 5,000 za chakula cha msaada cha Somalia, Uganda na Kenya. Yani kile chakula kilikuwa kinakuja kupita mikononi mwetu. Maharamia wanne, vijana. Mabaharia wengi wakajificha chumba cha injini wakazima umeme wa meli, ndani giza na joto, chifu injinia na wenzake wakafanikiwa kumkamata kiongozi wao, Abduwali Muse. Wakakubaliana kubadilishana, wakamwachia Muse, maharamia wakamchukua Kapteni Richard Phillips wakaondoka nae kwenye boti ya kuokolea maisha, ile ya rangi ya chungwa iliyofunikwa juu kote.

Howard alikuwa ndo kwanza amepokea ukamanda wa kikosi cha mataifa cha kupambana na uharamia, namba 151, siku chache tu! Hajazoea hata kiti. Manowari Bainbridge ya Kamanda Frank Castellano ikafika ya kwanza. Shida kubwa kwao ilikuwa pwani. Ile boti ikifika pwani ya Somalia nahodha anapotelea nchi kavu na hakuna atakayempata tena. Ijumaa Phillips akajirusha majini kuogelea kwenda kwenye manowari, wakamfyatulia risasi wakamrudisha. Makomando wa SEAL wakarushwa kwa parashuti baharini. Boti ikaishiwa mafuta, bahari ikaanza kuchafuka, maharamia wakakubali kuvutwa kwa kamba na Bainbridge, na Muse aliyekuwa ameumia mkono akapanda manowari kujadiliana. Jumapili ya Pasaka, Aprili 12, giza limeingia, wadunguzi nyuma ya Bainbridge wakaona mmoja kamwelekezea nahodha bunduki mgongoni. Risasi zikaondoka kwa pamoja. Watatu wakafa, nahodha akatoka mzima. Muse alipelekwa New York, 2011 akahukumiwa miaka 33 na miezi tisa.

Meli yenyewe iliingia Mombasa usiku wa kuamkia hiyo Pasaka, bila nahodha wake. Mi sikuwa zamu. Niliiona baadae imefunga gatini, bendera nyuma, na chakula kikashushwa kama chakula kingine chochote, kontena kwa kontena, lori kwa lori.

Siwezi kufurahia vifo vya wale vijana watatu wa Kisomali. Bahari yao ilivunwa samaki na meli za kigeni miaka na miaka, hilo wapwani wote tunalijua. Lakini na mabaharia waliokuwa wanakaa miezi mateka kule, Wafilipino, Wahindi, na Waafrika wenzetu, nao walikuwa na mama zao. Howard alipewa siku nne za kuamua mambo ambayo kila njia ina kaburi.

Nyangumi

Nilikuwa kadeti mwaka huo, tulizunguka mbali kabisa mashariki ya Shelisheli kuwakwepa. Mama yangu aliacha kusikiliza redio. Umenikumbusha mbali sana mkuu. Vipi baada ya hapo akapanda?

Karani wa Gati

Pole sana kaka na asante kwa kuja.

Akapanda, ndio. 2012 nyota tatu. Julai 1, 2014 nyota nne, admirali kamili, mwanamke wa kwanza kwenye jeshi la maji la Marekani tangu lianzishwe 1775, na siku hiyohiyo akawa naibu mkuu wa jeshi lote la maji. Kuna kitu kimoja alisimulia mwenyewe ambacho mi nimekirudia kwa watu wengi. Alipokwenda kuagiza vyeo vya begani vya mwanamke vyenye nyota nne, wakamwambia havipo. Hakuna kiwanda kilichowahi kuvitengeneza kwasababu hakuna aliyewahi kuvihitaji. Ikabidi litolewe agizo maalum vishonwe.

Hapo nikamwambia mpwa wangu unaona, chumba hakuna, begani hakuna, vitu hivi havipo mpaka mtu asimame anavihitaji ndo vinashonwa.

2016 akapelekwa Naples, Italia, kuongoza majeshi ya maji ya Marekani kwa Ulaya na Afrika, na kamandi ya NATO ya pale. Yani pwani zetu hizi zikawa ndani ya eneo lake la kazi. Desemba 2017 akastaafu, miaka 35 ya kazi.

Hata kustaafu hakukaa. 2021 aliongoza tume iliyoundwa na bunge kubadili majina ya kambi za jeshi zilizopewa majina ya majenerali wa kusini waliopigania utumwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Kambi tisa. 2025 serikali iliyofuata ikarudisha majina yale ya zamani kwa kutafuta watu wengine wenye majina yanayofanana. Inauma. Ila tume ileile ilipendekeza na meli, na 2023 Chancellorsville, iliyopewa jina la vita walioshinda watu wa kusini, ikaitwa Robert Smalls. Huyo Smalls alikuwa mtumwa, rubani wa meli pale Charleston. Usiku mmoja Mei 1862 maofisa wazungu wameshuka kulala mjini, akavaa kofia ya nahodha, akapakia familia yake na za wenzake, akapita mbele ya ngome za bunduki akipiga honi zilezile za ishara bila kukosea hata moja, mpaka akaikabidhi meli kwa upande wa kaskazini. Mnaofanya kazi bandarini mnajua rubani anavyozijua honi za bandari yake.

Mama Junior

Kaka na mpwa wetu je, amefikia wapi? Usituache hivi.

Karani wa Gati

Dada yangu, ualimu umesimama kwanza. Mama yake kasoma kila nilichoandika hapa juu, akarudia pale pa yule mama Mwingereza, hakusema kitu, ila jana nimemkuta anampigia pasi shati jeupe na tai.

Barua za maombi zimeenda ofisi nyingine mbili. Moja kimya. Nyingine wamejibu kwa maandishi kwamba meli wanayo, chumba wanaangalia, aje na kitabu chake na vyeti halisi Jumatano saa tatu asubuhi. Nampeleka mwenyewe. Nikirudi naleta mrejesho hapahapa.